Lady Heath na Marufuku ya Anga

Kabla ya uwanja wa Wilson kujengwa, ndege zilizofika Nairobi zilitua kando ya Barabara ya Ngong, upande wa Dagoretti, jirani na Riruta. Hapo, tarehe 12 Machi 1928, rubani Maia Carberry alifariki pamoja na mwanafunzi wake ndege yao ilipoanguka. Mwaka huohuo alipitia Nairobi mwanamke mwingine, peke yake katika ndege ndogo isiyo na paa, akitoka Afrika Kusini kuelekea London. Huyo ndiye Mary Heath, maarufu kama Lady Heath.

Alizaliwa Ireland mwaka 1896. Angali mchanga, babake alimuua mamake, naye akalelewa na babu na mashangazi. Alisomea kilimo Dublin. Mumewe wa kwanza alikuwa mlowezi Afrika Mashariki, na maisha ya huku yalimzalia diwani ya mashairi iliyochapishwa mwaka 1925.

Mwaka 1924 tume ya kimataifa iliyosimamia usafiri wa anga iliamua kwamba mwanamke asiajiriwe miongoni mwa waendeshaji wa ndege za abiria. Hoja iliyotolewa ni hedhi: kwamba kila mwezi mwanamke hupungukiwa na uwezo. Heath hakuishia kulalamika. Alikubali kupimwa, akarusha ndege hata katika siku hizo zilizotiliwa shaka. Marufuku iliondolewa mwaka 1926, naye akawa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kupata leseni ya urubani wa kibiashara.

Leseni, hata hivyo, si ajira. Katika safari yake ya mwaka 1928, wakuu wa Sudan hawakumruhusu kupita kusini mwa nchi hiyo bila kusindikizwa na rubani mwanamume, ingawa alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya bara. Baadaye alikuwa rubani msaidizi katika ndege za KLM, lakini kazi ya kudumu hakuipata. Miaka miwili baadaye, huko Marekani, muuguzi Ellen Church aliyetaka urubani aliishia kuwahudumia abiria. Masharti ya kazi hiyo mpya yalidai wanawake wasioolewa, wenye umri usiozidi miaka 25.

Ikumbukwe kwamba mlango aliougonga Heath ulikuwa wa Wazungu. Wanawake wa Riruta na Dagoretti walioziona ndege zikipita juu ya mashamba yao walizuiwa kwa jinsia na kwa rangi pia, na hilo la pili Heath hakulipigania. Mumewe alikuwa mmoja wa walionufaika nalo.

Agosti 1929 ndege yake ilianguka juu ya paa la kiwanda mjini Cleveland, akajeruhiwa vibaya kichwani. Alirejea Ireland, akaendesha shughuli za ndege karibu na Dublin. Mnamo Mei 1939 alianguka ndani ya tramu mjini London, akafariki akiwa na umri wa miaka 42.