Amon Bazira: mpatanishi wa Kasese aliyeacha meza akashika bunduki

Wafanyabiashara na madereva wanaopita Bwera kwenda forodha ya Mpondwe hupita katika nchi iliyokaa vitani miaka ishirini. Vita hivyo vilimalizwa na mapatano, na mtu aliyeyapika ni Amon Bazira, Mkonzo wa Kasese.

Chanzo chake kilikuwa mazungumzo yaliyovunjika. Mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake walidai wilaya yao nje ya Toro. Waliponyimwa, walipanda milimani na kutangaza ufalme wa Rwenzururu. Mukirane alifariki mwaka 1966, akarithiwa na mwanawe Charles Mumbere, aliyekuwa bado mtoto.

Bazira aliwahi kufanya kazi katika usalama wa taifa, kisha akawa naibu waziri katika serikali ya Obote. Mwaka 1982 alijitokeza kuwa mtu wa kati. Alijua shida ya kila upande. Serikali ilikuwa ikipigana na waasi wa Museveni huko Luwero na haikutaka wapate mwenza milimani. Watu wa mlimani nao walichoka, na Wakonzo wa bondeni walitaka shule, kazi na biashara. Hakuanza na swali la nani mwenye haki. Aliuliza kila upande unahitaji nini.

Tarehe 15 Agosti 1982 wapiganaji waliweka silaha chini. Walipata madaraka kiasi ya kujiendesha, vyeo vya utawala wilayani, magari na maduka, na Mumbere akaahidiwa masomo ng'ambo. Kila mtu aliondoka na kitu mkononi.

Lakini mapatano hayo yalikuwa na ufa: yaliegemea serikali moja. Mumbere alikwenda Marekani mwaka 1984. Mwaka uliofuata Obote alipinduliwa, fedha za masomo zikakatika, na mfalme akaishia kuuguza wazee ili apate riziki.

Bazira mwenyewe hakurudi mezani. Mwaka 1988 aliunda kundi la NALU kupigana na serikali ya Museveni, akitafuta msaada Zaire na Kenya. Mwaka 1993 aliuawa nchini Kenya. Mabaki ya kundi lake yaliungana na wengine kuwa ADF, ambao Novemba 1996 walivuka kutoka Zaire na kuishambulia Mpondwe. Waliolipa gharama ni watu wa mpakani.

Mumbere alirudi mwaka 2009, serikali ilipoutambua ufalme wake.

Ndugu mfanyabiashara, kabla ya kutaja bei, jua mwenzako amebanwa na nini. Mpe kitu cha kwenda nacho nyumbani. Na mkishakubaliana, andikeni, mbele ya mashahidi, ili mapatano yasife siku ofisa au meneja atakapohamishwa. Bazira aliyaweza mawili ya kwanza kuliko wengi. La tatu lilimshinda, na alipokosa subira ya kurudi kuzungumza, alipoteza hata uhai wake.