Chadwick, Mfungwa Aliyeipima Nyutroni

Nawaandikia kutoka Biwi, ingawa nyumbani ni Dzaleka, na safari hii nimemchagua James Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa 1891. Vita ya 1914 ilimkuta Berlin akisoma. Akafungiwa kambi ya Ruhleben, katika mazizi ya farasi, miaka minne. Humohumo akafanya majaribio, kwa kutumia dawa ya meno ya Kijerumani iliyotiwa thoriamu! Sisi tuliolelewa kambini tunajua maana ya kuanza na ulichonacho.

Kazi iliyomtangaza ni ya 1932, Cambridge. Miali kutoka kwenye beriliamu ilikuwa ikipiga nta na kufyatua viini vya haidrojeni. Wenzake Ufaransa walidhani ni aina ya mwanga. Chadwick akaipitisha kwenye nitrojeni pia, akalinganisha mwendo: haidrojeni ilirushwa kilomita 33,000 kwa sekunde, nitrojeni 4,700 tu. Mwanga haukuweza kueleza hesabu zote mbili. Chembe isiyo na chaji, yenye uzito karibu sawa na protoni, iliweza. Ndiyo nyutroni. Nobel akaipata 1935.

Yaliyofuata yanatugusa Wakongomani. Mwaka 1941 alitambua kwamba bomu la atomiki haliepukiki, akaanza kumeza vidonge vya usingizi. Miaka 28 baadaye alikuwa bado anavimeza. Alifariki 1974. Uraniamu ya bomu hilo, sehemu kubwa, ilichimbwa kwetu Shinkolobwe, Katanga.