Mirambo

Mirambo (pia Milambo; jina la kuzaliwa Mbula Mtelya; takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi aliyeunda dola lenye nguvu upande wa magharibi wa Tabora, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Jina

Mirambo ni jina la vita. Kwa Kinyamwezi neno mbula ni mvua, lakini Mirambo kwa kawaida hufasiriwa kuwa maiti. Jina la namna hiyo lilikuwa na kazi yake, maana kijiji kilicholisikia kingeweza kulipa kodi kabla ya kupigwa. Wageni walioandika habari zake walitumia jina hilo, na lile la kwanza linajulikana na wachache.

Maisha

Alikuwa mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Husimuliwa kwamba ujanani alikaa na Wangoni walioitwa Watuta, akajifunza kwao namna ya kupigana. Alirithi utemi takriban mwaka 1860, kisha akateka watemi jirani mmoja baada ya mwingine. Askari wake, rugaruga, walikuwa hasa vijana walioishi kwa ngawira.

Wakati huo Tabora ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu na watumwa, na wafanyabiashara Waarabu wa huko hawakutaka kumlipa hongo ya kupita katika nchi yake. Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijiunga na Waarabu kumshambulia. Waliteka kijiji, lakini walipokuwa wakirudi na mateka yao walivamiwa njiani na kukimbia ovyo. Mwezi wa Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Sehemu ya mji ilichomwa moto, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa, aliuawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili kufika Ujiji.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, navyo viliwaumiza pia wapagazi wa Kinyamwezi waliopata riziki kwenye njia hiyo. Wengine humsifu Mirambo kama mpinzani wa biashara ya watumwa, lakini si sahihi: aligombea njia, naye mwenyewe hakuwa nje ya biashara hiyo.

Mwaka 1876 Stanley alikutana naye wakachanjiana undugu. Alishangaa kumkuta mtu mpole, asiyefanana na jina lake. Alimlinganisha na Napoleon.

Mirambo alifariki kwa ugonjwa mwaka 1884. Alirithiwa na ndugu yake Mpandashalo, lakini dola lililotegemea mtu mmoja lilivunjika katika miaka michache, kabla Wajerumani hawajaitawala Tabora.

Leo jina lake linabebwa na shule ya sekondari ya Milambo mjini Tabora na Mtaa wa Mirambo jijini Dar es Salaam.