Mwenye Heri Niels Stensen: Askofu Aliyetufundisha Kuyasoma Matabaka ya Dunia

Tarehe 5 Desemba, katika siku za Majilio, huangukia kumbukumbu ya kifo cha Mwenye Heri Niels Stensen, daktari, mchunguzi wa miamba na Askofu, aliyefariki dunia mwaka 1686. Jina lake halisikiki mara nyingi katika parokia zetu. Hata hivyo, vijana wanaorudi likizo kutoka sekondari na vyuo vikuu hutuletea swali ambalo maisha yake hulijibu vema kuliko hoja nyingi: je, Mkristo aweza kuichunguza historia ya dunia kwa uhuru, au ni lazima achague kati ya imani na elimu?

Niels alizaliwa Copenhagen, nchini Denmark, Januari 1638, katika familia ya Kilutheri. Baba yake alikuwa sonara. Utotoni alisumbuliwa na maradhi, hata akawa anakaa zaidi na watu wazima kuliko watoto wenzake. Baba alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Mwaka 1656 Niels alijiunga na Chuo Kikuu cha mji huo kusomea udaktari, lakini punde vita vikaja, na majeshi ya Sweden yakauzingira mji. Katika mazingira hayo ya hofu na njaa alijizoeza kusoma, kuandika kumbukumbu na kutoamini jambo kabla ya kulichunguza.

Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi. Huko, akipasua kichwa cha kondoo, aligundua mrija unaopeleka mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Mrija huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Aliuchunguza pia moyo, akaonyesha kwamba ni msuli kama misuli mingine, wakati ambapo wengi waliudhani kuwa chemchemi ya joto la mwili. Mjini Paris, mwaka 1665, aliwaambia wasomi waziwazi kwamba bado waliufahamu ubongo kidogo sana, na kwamba maelezo ya mwanafalsafa Descartes, aliyeheshimiwa na wote, hayakulingana na kile kilichoonekana chini ya kisu. Haikuwa rahisi kwa kijana wa miaka 27 kusema hivyo mbele ya wakubwa wa elimu.

Mwaka 1666 alifika Italia, akapokelewa na Ferdinando II wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana. Oktoba mwaka huohuo wavuvi walinasa papa mkubwa sana karibu na Livorno, na kichwa cha samaki huyo kikapelekwa Firenze ili Niels akipasue. Alipoyatazama meno yake, alikumbuka vijiwe vya pembetatu vilivyookotwa milimani na katika kisiwa cha Malta. Watu walivivaa kama kinga dhidi ya sumu, wakisimulia kuwa ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe baada ya Mtume Paulo kuumwa na nyoka kisiwani humo. Niels hakuwa wa kwanza kuhisi kwamba vijiwe hivyo ni meno ya papa wa kale, lakini alilifuata wazo hilo hadi mwisho wake: kama meno ya samaki yamo ndani ya mwamba wa mlimani, basi mahali hapo palikuwa bahari.

Katika mwaka huo pia alishuhudia mjini Livorno maandamano ya Sherehe ya Mwili wa Kristo. Akiwaona watu wamepiga magoti barabarani, alijiuliza moyoni kama wote hao walikuwa wakikiheshimu kipande cha mkate tu, au kama kweli ni Mwili wa Kristo na yeye ndiye aliyeacha kumheshimu. Hakulikwepa swali hilo. Alisoma Maandiko Matakatifu na maandishi ya Mababa wa Kanisa. Alizungumza na mtawa Maria Flavia del Nero, aliyehudumu katika duka la dawa, na mama mmoja mcha Mungu, Lavinia Arnolfini. Novemba 1667 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akijua wazi kwamba uamuzi huo ungemgharimu nafasi na marafiki nyumbani kwao.

Imani haikuyafumba macho yake. Mwaka 1669, akiwa tayari Mkatoliki, alichapisha mjini Firenze kitabu kidogo ambacho kimekuwa mmojawapo wa misingi ya elimu ya miamba. Kila aliyechota maji ya mto wakati wa masika anaweza kukielewa. Maji yakitulia ndooni, mchanga hushuka kwanza, kisha hufuata tope laini. Ukiongeza maji machafu kesho, tope jipya litakaa juu ya lile la jana. Niels alieleza kwamba ndivyo yalivyo matabaka ya dunia: lililo chini lilitangulia, lililo juu lilifuata. Tabaka linapotua majini hutanda sawasawa, hivyo tukilikuta limeinama au kuvunjika, kuna nguvu iliyolisukuma baadaye. Kwa kanuni hizo aliisimulia historia ya ardhi ya Toscana, jinsi bahari ilivyoifunika na kuiacha. Yeye mwenyewe hakujua ni miaka mingi kiasi gani imepita, bali aliacha ufunguo ambao wengine wangeutumia.

Ufunguo huo ungali unatumika. Wataalamu wa leo hushusha mabomba marefu hadi sakafu ya bahari na kupandisha nguzo za matope, ambayo katika vilindi hujilundika kwa sentimita chache tu katika miaka elfu moja. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini, na kila gamba limehifadhi kemia ya maji yaliyolijenga. Oksijeni ya maji ni nyepesi na nzito. Ile nyepesi huinuka kwa urahisi zaidi katika mvuke. Na barafu kubwa inapojilimbikiza nchi kavu huishikilia, huku bahari ikibaki na zaidi ya ile nzito. Kwa kupima uwiano wake katika magamba hayo, Mwitaliano Cesare Emiliani alionyesha mwaka 1955 jinsi vipindi vya baridi na joto vilivyopokezana. Aina za kaboni katika magamba ya viumbe waishio chini kabisa husaidia kutambua maji ya vilindi yalitoka wapi, na hivyo kufuatilia mikondo ya bahari ya kale. Matope ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa nayo yamesomwa, yakatusaidia kujua vipindi vya ukame na mvua vya zamani katika nchi zetu. Lakini vipimo hivyo vyote vingekuwa herufi zilizomwagika mezani kama tusingejua tabaka lipi lilitangulia.

Niels angeweza kuishi kwa heshima kubwa akiwa mwanasayansi. Badala yake aliomba Daraja Takatifu, akapewa upadre mwaka 1675. Mwaka 1677 aliwekwa wakfu kuwa Askofu na Kardinali Gregorio Barbarigo, ambaye leo ni Mtakatifu, akatumwa kuwa Vikari wa Kitume kwa Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ulaya. Aliishi kimaskini, akafunga sana, hata akauza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili awasaidie wahitaji. Alipokuwa Askofu Msaidizi wa Münster, uchaguzi wa Askofu mpya mwaka 1683 ulichafuliwa na rushwa. Alikataa kuibariki kwa kukaa kimya, akaondoka. Aliangukia Hamburg, kisha Schwerin, ambako alihudumu kama padre wa kawaida huku akiteswa na maumivu makali ya mawe ya nyongo. Alifariki akiwa na miaka 48. Mwili wake ulirudishwa Firenze, ukazikwa katika Kanisa la San Lorenzo. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988.

Wapendwa waamini, meza ya upasuaji, mwamba wa Toscana, Ekaristi ya Livorno na uchaguzi wa Münster vilimjia mtu yuleyule mwenye desturi moja: alitazama kwa uaminifu, na alipoiona kweli aliifuata hata ilipomgharimu. Baba Mtakatifu Fransisko alifuata njia hiyo alipoyapokea matokeo ya utafiti kuhusu tabianchi katika waraka wake wa Laudato si', mwaka 2015. Wazazi na makatekista, msiwazime watoto wanaouliza habari za mawe na bahari. Aliyeviumba vilindi ndiye tunayemwabudu altareni, wala hajipingi mwenyewe. Na sisi sote tujiulize katika Majilio haya: ni ukweli gani tumeshauona, tena tunaujua vema, lakini tunaukwepa kwa kuwa utatugharimu? Huenda ni deni tunalolijua, ugomvi wa ndugu, au rushwa tunayoinyamazia kazini. Maisha yetu nayo hujilundika tabaka juu ya tabaka, na Bwana anayekuja huyasoma yote hadi chini kabisa.

Mwenye Heri Niels Stensen, utuombee.