Kasturba Gandhi: Mke, Mama na Mtumishi wa Jamii

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, twapenda kumkumbuka Kasturba Gandhi, ambaye sisi Wagujarati twamwita Ba, yaani Mama. Alizaliwa Porbandar mwaka 1869, binti wa mfanyabiashara. Hakupelekwa shule. Aliolewa na Mohandas wakiwa bado watoto, akamzalia wana wanne.

Mwaka 1913 mahakama ya Cape, Afrika Kusini, iliamua kwamba ndoa zisizofungwa kwa taratibu za Kikristo hazitambuliki. Hivyo wake wa Kihindu na wa Kiislamu hawakuhesabiwa tena kuwa wake mbele ya sheria. Ba hakukaa nyumbani kungoja wanaume wamtetee. Pamoja na wenzake alivuka mpaka wa Transvaal bila kibali, akakamatwa, akafungwa miezi 3 na kazi ngumu.

Baada ya kurejea India, alikwenda Champaran mwaka 1917 kuwafundisha akina mama wa vijijini usafi na afya. Alifariki akiwa kizuizini mjini Poona, tarehe 22 Februari 1944, siku ya Mahashivaratri.

Nasi wa Shinyanga, Kahama na Geita tunao akina mama wa namna hiyo. Hupika chakula cha sikukuu, huwauguza wagonjwa na kuwafariji wafiwa bila kuuliza dini wala kabila, na majina yao hayaandikwi popote. Tukimheshimu Ba, basi tuwashukuru na hao wangali hai.