Askofu Kataliko na iniversite ya Butembo

Mzazi wa Munigi mwenye mtoto amepata diploma ya serikali anajua hesabu ya kumtafutia masomo ya juu. Kabla ya 1989 hesabu hiyo ilikuwa ngumu kupita leo. Mobutu alikuwa ameunganisha iniversite tatu za inchi kuwa moja mu 1971, akazitenganisha tena mu 1981, na zote zilikuwa mbali na sisi: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Huku Kivu tulikuwa tu na vyuo vya juu vichache, kama ISP ya Bukavu. Mtoto wa mulimaji aliishia hapo, ao alirudi ku shamba.

Mtu mwenye aliona hiyo haiwezi kuendelea ni Emmanuel Kataliko. Alizaliwa mu 1932 katika inchi ya Wanande, akasoma Roma, akapewa upadri mu 1958. Mu 1966, akiwa na miaka 34 hivi, alifanywa askofu wa Beni, akipokea nafasi ya Monsenyeri Henri Piérard, mumisionari. Jimbo hilo, lenye baadaye liliitwa Butembo-Beni, alilichunga kwa miaka zaidi ya 30.

Mu 1989 serikali ilikubali kwamba si yeye peke yake atakuwa na iniversite. Mwaka ule ule Kataliko alianzisha Iniversite Katolika ya Graben, UCG, ku Butembo. Tukumbuke Butembo ya wakati ule: muji wa biashara, bila lami, bila moto wa SNEL. Wengi wangesema anza kwanza na barabara! Lakini angalieni masomo yenye yaliwekwa pale: kilimo, tiba ya nyama, tiba ya watu, sheria, uchumi. Kwa watu wa kahawa, maharagi na ngombe, hiyo haikuwa mapambo.

Kufungua mlango wa iniversite ni kitu kimoja. Kupata watu wa elimu wenye wanabaki ndani ni kingine, na hapo ndipo penye kazi. Hapa kwetu kila mwanafunzi anamujua profesere mugeni: anashuka ku ndege, anamaliza saa zote za kozi mu wiki moja ao mbili, anaacha mitihani, anarudi kwake. Iniversite inafundisha, ndiyo, lakini haichunguzi kitu. Anayebaki ni asistanti, mwenye kozi nyingi na mushahara mudogo, na daktora yake inadai asafiri mbali. Bila yeye kupata muda wa kutafiti na kuandika, masomo yanakuwa ya kukopi tu kutoka daftari la mwaka jana. Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba UCG ilipata hata revi yake ya utafiti, Parcours et Initiatives, mahali ambapo mwalimu wa Butembo anaweza kuchapisha mambo ya Butembo.

Si anasa. Ugonjwa wa kunyausha ndizi ulipoonekana Masisi mu 2001, mulimaji alihitaji mtaalamu mwenye anajua udongo wa huku na luga ya huku. Na sisi wa chini ya Nyiragongo, tangu Mei 2021, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kataliko mwenyewe hakukaa kuona matunda yote. Monsenyeri Munzihirwa aliuawa Bukavu mu Oktoba 1996, na mwaka uliofuata yeye ndiye alipelekwa kuwa askofu mukuu kule. Vita ya pili ikaanza. Ku Noeli ya 1999 aliandika barua kwa waamini juu ya mateso ya raia na watu wa inje waliotawala kwa silaha. Mu Februari 2000 waasi wa RCD walimukataza kurudi Bukavu, wakamupeleka kwa lazima Butembo. Bukavu makanisa na masomo vilisimama kwa kupinga.

Kwa hiyo alikaa miezi saba muhamishwa katika muji wa iniversite yake. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudi Bukavu, na watu walitoka kwa wingi kumupokea. Hazikupita wiki tatu: alikufa Roma tarehe 4 Oktoba 2000, kwa moyo. Alizikwa Bukavu. Kule Butembo, mwaka wa masomo ulikuwa karibu kuanza.