Alfred Adler: Kujithamini na Huzuni ya Mwanafunzi

Jina la utani la Nshomile, yaani nimesoma, laonyesha jinsi elimu inavyohesabiwa kuwa heshima ya mtu mkoani Kagera. Mwalimu wa Hamugembe aujua pia upande wa pili wa heshima hiyo: kijana anayeshika mkia darasani aweza kujiona hana thamani hata nyumbani kwao. Kwa hiyo yafaa walimu wayajue maisha ya daktari Alfred Adler.

Adler alizaliwa mwaka 1870 kando ya mji wa Vienna, Austria. Utotoni alisumbuliwa na matege, akafiwa na mdogo wake, kisha yeye mwenyewe akaponea chupuchupu ugonjwa wa nimonia. Shuleni alikuwa dhaifu katika hesabu, hata mwalimu akamshauri baba yake amwondoe akajifunze ushonaji wa viatu. Baba alikataa. Kijana akajitahidi mpaka akawa hodari wa hesabu, na mwaka 1895 alihitimu udaktari.

Mwaka 1910 Adler na madaktari wenzake walijadili tatizo la wanafunzi kujiua. Yeye alishikilia kuwa chini ya huzuni ya kijana mara nyingi imo hisia ya unyonge, yaani kujiona duni kuliko wenzake. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kutojithamini huweza kutangulia sonona, na sonona nayo humzidishia kijana kujidharau.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Adler alianzisha vituo vya ushauri katika shule za Vienna. Humo alizungumza na mtoto na wazazi wake, walimu wakisikiliza ili wajifunze. Hakutegemea adhabu, alitafuta jambo ambalo mtoto aliliweza, ili apate nafasi ya kuwafaa wenzake. Vituo hivyo vilifungwa baada ya serikali kubadilika mwaka 1934. Adler alifariki Aberdeen, Uskoti, mwaka 1937, akiwa katika ziara ya mihadhara.

Funzo kwa mwalimu ni wazi. Sifa za bure hazimwinui kijana. Humwinua kazi halisi ambayo wenzake wanamtegemea kuitimiza. Kabla ya kutangaza nafasi za mtihani, mwalimu na ajiulize kama yule wa mwisho amepewa kazi ya namna hiyo. Na akimwona kijana amejitenga, hali, halali au ataja kifo, asitosheke na maneno ya kumtia moyo: awaite wazazi, nao wampeleke hospitali upesi.